Jina Kwenye Kopo

Mwaloni Katonga, Kigoma, saa dagaa wanapoanikwa, nilimkuta mtoto anasukuma gari la waya. Magurudumu ameyakata kwenye ndala zilizokwisha, bodi ni kopo la mafuta ya kupikia, na usukani ni waya mrefu unaomfikia kifuani ili asiiname. Mbele ameandika SCANIA kwa kalamu ya wino, N ikiwa imegeuka. Nikamuuliza kwa nini asiliite Fuso, maana Fuso ndizo anazoziona kila siku zikipakia dagaa.

“Fuso haina pua, anko.”

Kweli, kopo alikuwa amelikunja mbele, likatoka pua.

Angekuwa fundi wa vigari vya kuuza huko Ulaya au Marekani, neno hilo moja, SCANIA, lingeweza kumletea barua ya wakili. Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na kisa chenyewe kinaanzia relini.

Frank Hornby wa Liverpool, mwenye kampuni ya Meccano, alikuwa akiuza treni za kuchezea. Stesheni bila watu wala magari inapooza, kwa hiyo kampuni ikaanza kutengeneza vya kuipamba. Mwishoni mwa 1933 ikatoa seti ya vigari sita vya metali, na mwaka uliofuata vikapewa jina la Dinky Toys. Vile sita vya kwanza havikuwa na ukoo: gari la michezo tu, lori tu, trekta tu, hata kifaru. Baadaye wanunuzi wakataka gari wanalolijua kwa sura, na kwa miaka mingi wenye viwanda vya magari hawakununa. Mtoto anayelala na kigari chako chini ya mto atakuja kuwa mteja wako akikua. Tangazo gani la bure linazidi hilo?

Kisha wakagundua kwamba jina nalo ni bidhaa. Leseni ikaja na mambo yake: mrabaha kwa kila kigari, kiwango cha chini kinacholipwa hata usipouza, na sampuli ya kupeleka ikakaguliwe. Kampuni kubwa ya vichezeo kama Mattel inabeba mzigo huo. Fundi anayetengeneza vigari mia chache vya kupanga kando ya treni za mfano, vya uwiano wa 1 kwa 87 ambavyo vinakaa kiganjani, hesabu zinamkataa. Anaacha, au anarudi alikoanzia Hornby: lori tu.

Kesi iliyochambua jambo hili kwa kina ni ya Ujerumani. Mwaka 1990 Opel ilisajili nembo yake ya radi si kwa magari tu bali na kwa vichezeo. Mwaka 2004 ikakuta kampuni ya Autec inauza Opel Astra ndogo ya rimoti, ya uwiano wa 1 kwa 24, yenye nembo ileile puani. Ikashtaki. Mahakama ya Ulaya, Januari 2007, ikarudisha swali kwa majaji wa Ujerumani: je, mnunuzi akiiona nembo ile, anadhani kichezeo kimetoka Opel? Mwaka 2010 mahakama kuu ya Ujerumani ikajibu hapana. Anaona gari lililoigwa kwa uaminifu, na nembo ni sehemu ya sura yake kama taa na milango. Autec ilikuwa imeweka jina lake yenyewe kwenye bidhaa. Opel ikashindwa.

Marekani mabishano yaliwagusa wapenzi wa treni za mfano moja kwa moja. Kampuni ya reli ya Union Pacific ilidai ada kwa jina lake, na hata kwa majina ya reli ilizozimeza zamani, kama Southern Pacific. Kodi ya marehemu, kwa maoni yangu. Mwaka 2004 ikawashtaki watengenezaji wa treni hizo, Athearn na Lionel. Mtengenezaji mwingine, MTH, akakataa kuinama, na Novemba 2006 Union Pacific ikakubali kutoa leseni bila malipo.

Reli ya kuiga hata kwetu ipo: ilifika Kigoma Februari 1914, ya upana wa mita moja. Ukiipunguza mara 87 unapata milimita 11 na nusu, upana ambao treni nyingi za mfano hazina njia yake. SGR inayojengwa kuja huku ina milimita 1,435. Ipunguze, inaangukia 16.5, njia inayopatikana kila duka la treni za mfano duniani.

Sheria ya chapa tunayo pia, ile ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na BRELA ndiyo inayosajili. Chapa husajiliwa kwa madaraja: magari la 12, vichezeo la 28. Ndiyo sababu Opel ilijihami mapema kwa kusajili kote. Lakini ugomvi wote huo ni wa sokoni, wa mtu anayetumia chapa akifanya biashara.

Nikamuuliza yule mtoto anauza kwa bei gani. Hauzi. Alichotaka kwangu ni kopo jingine, kwa sababu Scania yake haina tela.