Bakteria Wanaopunguza Milango



Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aligundua penisilini. Mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, alionya kwamba dozi isiyotosha huwafundisha bakteria kuistahimili dawa.

Wanafanyaje? Mwaka 1984 watafiti huko Marekani walieleza kipande kidogo cha RNA, ujumbe mfupi ndani ya bakteria, wakakiita micF. Hupunguza matundu ya ukuta ambamo baadhi ya dawa hupitia. Leo watafiti huondoa vipande kama hivyo au kuviongeza, kisha hutazama kama dawa bado inaua.

Njia nyingine ni kubeba chembe za urithi zinazoishinda dawa. Mwaka 2009 uchunguzi ulionyesha hivyo kwa aina ya Salmonella iliyoingia damuni mwa wagonjwa hapa Kenya na Malawi.

Kwa hivyo, mama, dawa iliyobaki usimpe mtoto mwingine, haitatosha dozi. Mpe mwanao dawa zote kama ulivyoelekezwa. Homa isiposhuka, mlete kituo cha afya mapema.