Moshi, Moto na Makazi ya Masisi na Walikale

Katika nyumba za nyasi na za majani za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, moshi ulikuwa na kazi yake. Ulikausha mahindi yaliyotundikwa juu ya mafiga na kufukuza wadudu paani. Nyumba moja ikishika moto, migomba iliitenga na ya jirani, na kelele za watu ndizo zilizokuwa king'ora.

King'ora cha mashine kilizaliwa mbali. Mwaka 1890 Mmarekani Francis Upton alipata hataza ya king'ora cha moto cha umeme. Miaka ya 1930 Mswisi Walter Jaeger alitafuta kifaa cha kunasa gesi ya sumu; gesi hakuinasa, ila moshi wa sigara yake ukakishtua. Huko Ubelgiji, iliyotutawala hadi 1960, jimbo la Flanders linadai king'ora cha moshi katika kila nyumba tangu 2020, iwe ya kupanga au ya mwenyewe.

Kwetu, moto ulikuja na silaha. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na vita vikasambaa Masisi, vijiji vikateketezwa. Mwaka 2013 mji wa Kitchanga, Masisi, ulipoteza mamia ya nyumba katika mapigano. Wenyeji wakakimbilia kambini, na huko migomba ya kutenganisha nyumba haipo tena.

Tazama kibanda cha mkimbizi: fito zilizopindwa, shitingi ya plastiki juu, babula (jiko) ya makala karibu na mkeka wa mtoto, ukuta wa jirani unakaribia kugusana na wake. Viwango vya Sphere, vya misaada ya kibinadamu, vinataka mita 2 kati ya vibanda, na uwazi wa mita 30 kila baada ya mita 300. Kambini nafasi hiyo huliwa na wingi wa watu.

King'ora cha moshi katika kibanda kama hicho kitalia kila mama anapowasha jiko, na betri itatolewa siku hiyohiyo. Jibu bora limetoka Cape Town, Afrika Kusini. Baada ya moto wa Januari 2013 katika mtaa wa Khayelitsha, wanafunzi wa chuo kikuu walibuni Lumkani, kifaa kinachonasa joto linalopanda ghafla, kisha kwa redio kinaviamsha vifaa vya majirani walio ndani ya mita 60. Hicho ndicho kinachofaa nyumba zenye moshi.

Wenye nyumba za mbao mnaopangisha katika miji ya Goma na Sake, na ninyi mnaogawa shitingi kambini: wekeni jiko nje ya chumba cha kulala, acheni hizo mita 2, kisha leteni vifaa vya kunasa joto.