Mgongo Tembo: Msasi, Mgeni na Jangili

Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley uliingia nchi ya Iramba ukiwa na majeraha. Ulikuwa umetoka Bagamoyo Novemba iliyotangulia, ukapigana vita katika nchi jirani ya Ituru, na wengi waliobaki huko kaburini walikuwa Waungwana wa Unguja, wapagazi na askari. Walionusurika wakafika mahali palipoitwa Mgongo Tembo. Jina hilo halikuhitaji mkalimani. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia bara, kikifuata pembe.

Kwa watu wa pwani wa zama hizo safari ilikuwa mwendo: mizigo, kiu, mauti na faida. Tembo alikuwamo katika safari, lakini alikuwamo begani mwa mpagazi. Aliyemwua alikuwa mtu mwingine, yule ambaye Kiswahili cha kale kinamwita msasi, na msasi hakuwa mhalifu. Alijua nyayo na upepo, alikuwa na dawa zake na miiko yake, na nyama aliyoleta ililiwa na mji mzima. Tusimpambe kupita kiasi: pembe zilizolipia majumba ya mawe ya Unguja zilitoka mikononi mwake, na bunduki zilipozidi bara, tembo walirudi nyuma mwaka hata mwaka.

Utawala wa Wajerumani uliyaona hayo, nao ukatunga sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann aliamuru kwamba uwindaji uwe kwa kibali, na akatenga mapori mawili ya akiba, moja Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London kutia saini mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Kibali kilikuwa na bei, na bei ilimchagua mwindaji. Mwenye fedha akawa mwindaji wa halali. Mwenye upinde akawa jangili. Mnyama ni yule yule, na mauti ni yale yale. Kilichobadilika ni jina la aliyeua.

Maneno mengine nayo yakahama. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa kwenda kuwinda, na safari ikazidi kuwa, katika masikio ya wageni, neno la bunduki na mahema. Nyara, iliyokuwa mali iliyotekwa vitani, ikawa pembe, ngozi na mafuvu. Kitalu, ambacho pwani ni ua wa mawe unaozunguka kiunga, kikawa eneo la pori lisilo na ukuta, analokodishwa mwenye kampuni ya uwindaji. Na mwaka 1922 pori kubwa la kusini likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa tembo aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Mahali pa kumhifadhi tembo pakaitwa kwa jina la aliyemwua.

Ajabu hiyo ina hoja ndani yake. Wateteao uwindaji wa kitalii husema kwamba mgeni mmoja, kwa dume mzee mmoja, hulipa fedha za kulinda pori zima, hasa lile lenye mbung'o na lisilo na mandhari ya kuwavuta wapiga picha. Tanzania imeijaribu hoja hiyo pande zote mbili. Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku, na mwaka 1978 ukafunguliwa tena. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haikuufungua. Matokeo hayakumpa mtu ushindi. Kenya, katika miaka arobaini iliyofuata, ilipoteza zaidi ya nusu ya wanyama wake wakubwa wa mbugani. Selous, yenye vitalu vyake, ilikuwa na tembo wapatao laki moja katikati ya miaka ya 1970. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikageuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo mgeni haruhusiwi kuwinda. Basi si kibali wala marufuku kinachomlinda mnyama peke yake. Anayemlinda, au kumwuza, ni jirani yake.

Hapo ndipo Kiomboi inapoingia katika habari hii. Mji huo, makao ya Wilaya ya Iramba, uko juu ya uwanda. Magharibi yake nchi inashuka kwenye mbuga ya Wembere, ambayo imekuwa na vitalu vya uwindaji. Utaratibu wa Serikali ulielekeza robo ya ada za wanyama waliowindwa irudi kwenye halmashauri za wilaya. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini halmashauri ni ofisi, na mwenyeji ni mtu. Mkulima wa bondeni ambaye mtama wake umeliwa usiku hapimi uhifadhi kwa hesabu za ofisini. Huupima kwa zahanati, kisima na dawati. Asipoviona, atamtazama mnyama kama ng'ombe wa mtu mwingine.

Kaskazini zaidi, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao upinde kwao si mchezo wala nyara. Mwaka 2007 Bonde la Yaeda, sehemu ya nchi yao, lilitolewa kwa kampuni ya uwindaji ya wageni kutoka Falme za Kiarabu. Malalamiko yakavuka bahari, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajitoa. Tukio hilo liliweka wazi kilichofichwa tangu 1896: kwamba katika pori lile lile, mtu anayewinda ili ale aliweza kuondolewa ampishe anayewinda ili atundike kichwa ukutani.

Uwindaji wa kulipia unaweza kuwa mlinzi wa pori, na mara nyingine umekuwa. Sharti lake ni moja: wa kwanza kupona awe mwenyeji. Msasi aliyenyang'anywa jina lake arudishiwe japo sauti, aulizwe kabla ya kitalu kukatwa, na ahesabiwe pale fedha zinapohesabiwa. Bila ya hayo, wageni watakuja na kuondoka na nyara zao, na siku moja Mgongo Tembo litabaki jina tu, pasiwe na mtoto wa Iramba anayejua mgongo huo ulikuwa na ukubwa gani.