Mila kama Kumbukumbu: Masimulizi, Potilachi na Ushahidi wa Historia miongoni mwa Waheiltsuk wa Kanada

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza utamaduni wa Waheiltsuk, wenyeji wa asili wa pwani ya kati ya jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Wao wenyewe hujiita Haíɫzaqv, na makao yao makuu hivi leo ni kijiji cha Bella Bella katika kisiwa cha Campbell. Kabla ya kuja kwa Wazungu hawakuwa na maandishi. Swali linaloongoza makala haya ni hili: jamii isiyoandika hutunzaje historia yake, na hutokea nini ushahidi wake unapopimwa kwa mizani ya wageni? Swali hilo si geni kwa wanahistoria wa Afrika, ambao kwa miaka mingi walilazimika kutetea masimulizi ya wazee mbele ya wasomi walioamini kwamba pasipo karatasi hapana historia. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa Waheiltsuk mila haikuwa pambo la maisha. Ndiyo iliyokuwa hifadhi ya sheria, ya umiliki na ya kumbukumbu.

2.0 Bahari, Msitu na Riziki

Nchi ya Waheiltsuk ni ya visiwa vingi, mikono ya bahari iingiayo ndani ya milima, na msitu wa mvua. Mti wa mwerezi ulikuwa mhimili wa maisha. Mbao zake zilijenga nyumba kubwa za koo. Gamba lake la ndani lilisukwa kuwa mavazi, mikeka na kamba. Gamba hilo lilibanduliwa upande mmoja tu ili mti uendelee kuishi, na makovu yake yangali yakionekana msituni. Mitumbwi ya safari ndefu ilichongwa kutoka katika gogo moja, kisha ikajazwa maji yaliyochemshwa kwa mawe ya moto ili mbavu zake zilainike na kutanuka.

Samaki wa samoni walikaushwa kwa moshi na kuwekwa akiba ya majira ya baridi. Majira ya kuchipua yalipofika, heringi walikuja ufukweni kutaga. Wavuvi walitundika majini mwani mkubwa au matawi ya miti, samaki wakataga juu yake, kisha mwani ukatolewa ukiwa umefunikwa na mayai. Heringi mwenyewe hakuuawa. Alirudi baharini na kuja kutaga tena. Mayai hayo yaliliwa na watu wa nyumbani, na pia yaliuzwa kwa mataifa jirani. Jambo hili la pili litakuwa na uzito mkubwa mbele ya sheria, kama itakavyoonekana.

3.0 Potilachi kama Daftari la Jamii

Majira ya baridi yalikuwa wakati wa sherehe. Iliyo kuu ilikuwa potilachi, karamu ambamo chifu aliwaalika watu wa koo na mataifa mengine, akatangaza majina, ndoa, urithi na haki za ukoo wake, kisha akawagawia wageni mali nyingi. Watazamaji wa Kizungu waliona humo ubadhirifu. Tafsiri hiyo ilikosea kiini cha jambo. Aliyepokea zawadi alikuwa amelipwa ili awe shahidi: alipaswa kukumbuka nani alipewa jina gani, na ukoo upi una haki ya ngoma fulani, kinyago fulani au mto fulani. Nembo za koo, zikiwamo kunguru, tai, nyangumi muuaji na mbwa mwitu, zilisimulia asili ya kila ukoo na haki zake. Hata majirani zao wa kusini, Wakwakwaka'wakw, husimulia kwamba ngoma yao tukufu ya hamatsa ilitoka kwa Waheiltsuk. Hivyo asili ya ngoma yenyewe ilikumbukwa kama vile hati ya mali.

4.0 Kuvunjwa kwa Hifadhi

Mwaka 1833 Kampuni ya Hudson's Bay ilijenga ngome ya biashara ya manyoya, Fort McLoughlin, katika nchi ya Waheiltsuk. Ilifungwa mwaka 1843. Pigo kubwa lilikuja baadaye. Mwaka 1862 ndui ilizuka mjini Victoria. Wakuu wa mji waliwafukuza wenyeji waliokuwa wamepiga kambi huko, nao wakarudi kaskazini kwa mitumbwi wakiwa na ugonjwa. Vijiji vingi vya pwani vilibaki vitupu, na masalia ya makundi ya Waheiltsuk yakakusanyika Bella Bella.

Kufa kwa mzee mmoja katika jamii ya namna hii ni kupotea kwa sehemu ya daftari. Juu ya msiba huo ikaja sheria: bunge la Kanada lilipiga marufuku potilachi mwaka 1884, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1951. Wamisionari wa Kimethodisti walihubiri dhidi ya mila, watoto wakapelekwa shule za bweni, na vinyago na masanduku ya mwerezi yakahamia katika makumbusho ya mbali, yakiwamo ya Toronto. Kwa kukataza karamu, serikali ilikataza pia mashahidi kukutana.

5.0 Mbele ya Mahakama na Chini ya Udongo

Mwaka 1988 Waheiltsuk wawili, Donald na William Gladstone, walishtakiwa kwa kujaribu kuuza mayai ya heringi bila leseni husika. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Kanada, ambayo mwaka 1996 ilikubali kwamba Waheiltsuk walikuwa na haki ya asili ya kufanya biashara ya mayai hayo, kwa kuwa waliyauza kwa wingi kabla ya Wazungu kufika. Miongoni mwa ushahidi uliotumika ni shajara za wageni: Alexander Mackenzie wa mwaka 1793 na William Fraser Tolmie wa mwaka 1834. Ushindi huo ulikuwa na kejeli ndani yake. Jambo ambalo wazee walilijua kwa vizazi lilithibitika kwa msaada wa kalamu za wapita njia. Mwaka 1997 tu, katika kesi ya Delgamuukw iliyohusu mataifa mengine ya jimbo hilo, ndipo mahakama hiyo ilipoagiza kwamba masimulizi ya wenyeji yapewe nafasi yake kama ushahidi.

Masimulizi ya Waheiltsuk yalieleza pia kwamba zamani za barafu kuu kulikuwa na ukanda wa nchi kavu usioganda, ambako wahenga walipata hifadhi. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mkaa wa jiko la kale uliochimbuliwa katika kisiwa cha Triquet ulikuwa na umri wa takriban miaka 14,000. Usawa wa bahari mahali hapo haukubadilika sana kwa milenia nyingi, na ndiyo maana masalia hayo hayakumezwa na maji.

6.0 Hitimisho

Ni rahisi kusema kwamba akiolojia imeyafanya masimulizi ya Waheiltsuk kuwa kweli. Makala haya yanaona kinyume: masimulizi yalikuwapo kwanza, na sayansi imeyafikia baadaye. Somo kwa mwanahistoria ni kuuliza si tu kama jamii iliandika, bali ilimlipa nani akumbuke, na wapi. Mwezi Oktoba 2019 Waheiltsuk walifungua Nyumba Kuu mjini Bella Bella, baada ya zaidi ya karne moja bila jengo la aina hiyo. Wageni walialikwa na ngoma zikachezwa. Mashahidi walikuwa wamepata tena mahali pa kukutana.