Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe: utambuzi wa umri

Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, Unguja, ni milango ya mbao iliyochongwa, mingi ikiwa ya karne ya 19. Ushahidi bora wa umri ni mwaka wa Hijria uliochongwa kwenye bao la juu, mara nyingi pamoja na aya ya Kurani. Kwa mfano, 1300 ni sawa na 1882–1883. Mafundi kwa kawaida hawakuandika majina yao, hivyo kazi hutambuliwa kwa mtindo.

Mlango usio na mwaka hukadiriwa kwa umbo. Milango ya mtindo wa Kiarabu ina bao la juu lililonyooka. Ile yenye upinde na nakshi nzito za maua na majani huonyesha athari za Kihindi, zilizoenea tangu enzi ya Sultani Barghash (1870–1888). Milango ya Kigujarati, yenye vipande vya kukunjwa, iliwekwa madukani.

Mbao, zikiwemo msaji na mfenesi, hazitoshi peke yake kuthibitisha umri. Aidha, baadhi ya milango ilihamishwa, hivyo mwaka wake si lazima uwe wa nyumba.