Shule na Wazazi Katika Marungu

Mtoto akikosa adabu shuleni, nani aitwe? Huku Pepa, juu katika milima ya Marungu, swali hili lina historia yake, nayo yafaa tuijue, kwa kuwa mazoea mengine ya shule zetu yametoka mbali.

Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mikononi mwa Emile Storms. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Wengi wa watoto wa kwanza waliofundishwa na misioni walikuwa yatima, au watumwa waliokombolewa. Walikula misioni, wakalala misioni. Walipokosa, Padre ndiye aliyewaonya, maana baba na mama wa kuitwa hawakuwapo. Padre alikuwa mwalimu na mzazi pamoja.

Baadaye makatekista walikwenda kufundisha vijijini, na wanafunzi wakawa watoto wenye kwao. Lakini mazoea hayaondoki upesi. Hata leo yuko mwalimu akataye shauri peke yake, akimwita mzazi siku ya kumfukuza mtoto tu. Tena yuko mzazi asemaye, “Mambo ya shule ni ya mwalimu.” Hapo mtoto hupotea katikati yao.

Tena tuulize, mzazi ni nani? Kwa desturi ya Watabwa, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Akiitwa baba peke yake, huenda mwenye kusikilizwa zaidi na mtoto hajapata habari yo yote.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi shule huwasaidia. Haishiki nafasi yao. Na mwaka 1977, Serikali iliporudisha kwa makanisa kazi ya kuongoza shule zao, mzigo huu uliturudia sisi sote.

Basi tufanyeje? Mwalimu asingoje kosa la tatu. Awaite wazazi mapema, wala asiseme nao mbele ya wanafunzi. Asiseme, “Mtoto wenu ni mbaya,” bali aeleze tendo lenyewe na siku yake. Kisha aulize, anyamaze, asikilize. Pengine mtoto hutoka nyumbani bila kula, au huchunga ng’ombe kabla ya masomo, au nyumbani pana msiba. Naye mzazi asije kwa hasira ya kumtetea mwanawe, wala asimpige njiani kwa sababu ya aibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini fimbo bila maneno haifundishi kitu.

Watoto wale wa Mpala hawakuwa na wa kuitwa. Wa kwetu wanao. Tuwaite mapema.