Mkopo wa nyumba wenye mkono wa Serikali: mtu wa Michenzani ajue nini kabla ya kusaini



Habari ya "mkopo wa nyumba wa Serikali" inazunguka sana Michenzani, kuanzia barazani chini ya matreni mpaka kwenye foleni ya ATM. Mmoja anakwambia ukiajiriwa tu SMZ unapewa nyumba, unakatwa kidogo kidogo mpaka unastaafu. Mwengine anasema usijisumbue yakhe, hizo za wenye majina. Ukweli hauko kwa huyu wala kwa yule, na asiyeujua anaweza kuipoteza nyumba aliyoachiwa na mzee wake. Kwa hivyo tuelezane taratibu.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Sisi watu wa Ng'ambo tumezoea nyumba ya Serikali ya KUPEWA. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ikawa mali ya Serikali, ukaja mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na Mzee Karume akaanza kujenga yale majumba marefu tunayoyaita nyumba za maendeleo. Mzee aliuawa Aprili 1972, ujenzi ukaendelea baada yake. Zilizokusudiwa ni nyingi mno, zilizosimama ni fleti elfu moja na ushei. Waliobomolewa vibanda vyao kupisha ujenzi wakahamishiwa humo. Hakukuwa na benki, hakukuwa na riba, na kwa wengi hakukuwa na hati ya maana. Palikuwa na ufunguo na jina kwenye daftari.

Mkopo wa nyumba ni kitu chengine kabisa. Hapa unakopeshwa na BENKI, na Serikali imesimama nyuma ya benki. Rudia sentensi hiyo mara mbili: nyuma ya benki, si nyuma yako.

Inafanya kazi hivi. Benki zetu hukusanya amana za muda mfupi. Mtu anaweka pesa leo, keshokutwa anazitaka. Benki gani itathubutu kumkopesha mtu kwa miaka 15 kwa pesa za namna hiyo? Ndiyo maana mwaka 2010 ikaundwa Kampuni ya Tanzania ya kurejesha mikopo ya nyumba, inayojulikana kwa herufi TMRC. Wenye hisa wengi ni benki, na mtaji wa kuikopesha ulipitia Serikali ya Muungano kutoka Benki ya Dunia. TMRC haimkopeshi mwananchi hata senti moja, inazikopesha benki kwa muda mrefu ili nazo zikukopeshe wewe kwa muda mrefu. Ilipoanza, benki zilizokuwa zinatoa mikopo ya aina hii zilikuwa tatu tu. Baadaye zikapindukia 30. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba Tanzania nzima ukiijumlisha haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa. Watu bado wanajenga kwa tofali moja moja.

Kwetu Unguja mlango wa karibu ni Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iliyoanzishwa 1966 na ambayo ni mali ya SMZ. Benki za kutoka Bara zenye matawi hapa nazo zinatoa. Lakini hata PBZ ni benki. Usiingie pale kama unakwenda kuomba msaada kwa mkuu wa wilaya.

Na kama kuna anayesema "pesa za Serikali hazidaiwi", mkumbushe Benki ya Nyumba Tanzania, THB. Ilianzishwa 1972, ikakopesha watu nyumba kwa masharti nafuu, madeni mengi hayakurudi, na mwaka 1995 ikafungwa. Baada ya hapo nchi ilikaa miaka mingi bila chombo cha maana cha kukopesha nyumba. Benki za leo zinaikumbuka hadithi hiyo vizuri, na ndo maana zina ukali.

Sasa tuje kwenye pahala wengi wanapokwama, nako ni KARATASI. Mshahara unaweza kuwa nao, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi unacho, barua ya mwajiri unayo, taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa unayo. Benki itauliza: dhamana iko wapi, na ni ya nani?

Kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mtu anakuwa na haki ya kuitumia. Haki hiyo ikisajiliwa unapata hati, na hati ndiyo benki inayoiweka rehani. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya sheha, hata ikiwa na mashahidi kumi na muhuri, si hati. Inasaidia kuonesha historia, basi. Usajili wa ardhi kwetu umekwenda polepole, shehia kwa shehia, kwa hivyo nyumba nyingi za Ng'ambo zinajulikana na mtaa mzima ni za nani lakini kwenye rejista hazimo. Hatua ya kwanza kabisa, kabla hujaenda benki kuuliza riba, ni kwenda Kamisheni ya Ardhi kuuliza nyumba hiyo imesajiliwa kwa jina gani.

Kwenye fleti kuna fundo la ziada. Fleti haina kiwanja chake, iko juu ya kichwa cha jirani. Mpaka Sheria ya Kondominium ya 2010 ndipo Zanzibar ilipopata njia ya kisheria ya mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo, huku ngazi, paa na mabomba yakiwa ya wote. Nyumba za maendeleo ziko chini ya Shirika la Nyumba Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Anayekaa kwa mkataba wa Shirika ni mkaazi mwenye haki zake, lakini huwezi kuweka rehani kitu ambacho si chako. Na yule "aliyenunua" fleti kwa kilemba, yaani kampa pesa mkaazi wa zamani akakabidhiwa ufunguo, alichonunua ni ufunguo. Nasema hivi kwa ukali makusudi, manake kuna vijana wametoa akiba ya miaka kwa mtindo huu wakidhani siku moja wataichukulia mkopo.

Halafu mirathi. Nyumba ilikuwa ya babu, babu kafariki, kaacha wajane na watoto, baadhi ya watoto nao wamefariki wakaacha wao. Wewe ndiye unayekaa humo na wewe ndiye mwenye mshahara, kwa hivyo familia inakwambia, "Chukua mkopo tuongeze ghorofa." Ngoja. Bila mirathi kugawiwa kwa njia ya Mahkama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nyumba hiyo ni ya warithi wote. Shangazi aliyeko Muscat ana fungu lake hata kama hajaonekana kwa miaka 20. Benki makini haitaikubali. Isiyo makini ikikubali, ukashindwa kulipa, watakaotolewa vyombo nje ni pamoja na watu ambao hawakusaini chochote. Afadhali mkae kikao, mgawane kwa maandishi, ndipo mtu achukue mkopo juu ya fungu lake. Mke au mume naye atatakiwa asaini. Usimfiche.

Tuseme karatasi zimekaa sawa. Sasa hesabu, shika kalamu.

Riba za mikopo ya nyumba Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa zaidi baina ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue mfano: umekopa shilingi milioni 40, riba asilimia 16, miaka 15, riba ikihesabiwa juu ya deni linalopungua. Marejesho ni kama 587,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, katika hizo 587,000, riba peke yake ni 533,000. Deni lenyewe limepungua kwa 54,000 tu! Ukishalipa miaka mitano kamili umetoa zaidi ya milioni 35, na ukiuliza salio utaambiwa bado unadaiwa milioni 35. Wengi hapo hupiga kelele wameibiwa. Hawajaibiwa, ndivyo hesabu inavyokwenda, riba inakula mwanzo na deni linapungua mwishoni. Ukimaliza utakuwa umelipa jumla kama milioni 105.

Ukiomba miaka 20 badala ya 15, marejesho yanashuka kwa 31,000 tu kwa mwezi, lakini jumla inapanda mpaka karibu milioni 133. Hiyo nafuu ya elfu thelathini itakugharimu milioni 27 na zaidi. Kinyume chake, ukibaki na miaka 15 na kila mwezi ukaongeza 50,000 juu ya marejesho, deni linakwisha kwenye mwaka wa 12 na unaokoa kama milioni 18. Kwa hivyo uliza kabla ya kusaini: naruhusiwa kulipa zaidi, kuna faini ya kumaliza mapema, na nyongeza yangu itakata deni au itahesabiwa kama marejesho ya mwezi ujao? Jibu litakiwe kwa maandishi.

Mtego mwengine ni riba inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo mpaka mwisho. Utaambiwa "sisi asilimia 10 tu". Milioni 40 kwa asilimia 10 ya namna hiyo, miaka 10, ni riba milioni 40, jumla 80. Wa asilimia 16 kwa deni linalopungua, miaka hiyo hiyo 10, analipa milioni 80 na kidogo. Yaani ni kitu kimoja, jina tu tofauti. Usilinganishe asilimia, linganisha jumla ya shilingi. Dai jaduweli ya marejesho yote, mwezi kwa mwezi, uende nayo nyumbani.

Wenye kuikimbia riba wana njia. PBZ ilifungua huduma za kufuata sharia mwaka 2011, na si peke yake nchini. Katika murabaha benki inainunua nyumba kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kwa awamu. Uzuri wake bei haibadiliki. Lakini hesabu ya jumla ifanye vile vile, manake halali haina maana ya rahisi, na uliza ukilipa mapema kuna punguzo au hakuna.

Nyumba mpya za kando ya mji zinazolengwa pia wageni, nyingi zimekuwa zikitangazwa kwa dola. Mshahara wako ni shilingi. Mwaka 2010 dola ilikuwa shilingi 1,400 na ushei, katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Aliyekuwa na deni la dola kipindi hicho chote, deni lake kwa shilingi lilikuwa linapanda ngazi huku yeye analipa.

Kiasi gani kikatwe? Watumishi wa umma Bara wanajua kanuni ya kubaki na theluthi moja ya mshahara. Kwangu mimi theluthi ni ndogo sana kwa mtu mwenye watoto skuli na mzee wa kumtibu. Mfunge mkanda lakini msiufunge mpaka pumzi itoke. Na mikopo midogo ya simu uimalize mapema, kwa sababu taarifa zake zinaonekana.

Bima usiichukulie kama karatasi ya kutimiza sharti. Isome kama inalipa deni ukifariki, na kama ukipata ulemavu je? Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969, na wengine wapo, waulize bei. Anayenunua fleti aongeze kwenye bajeti mchango wa matunzo ya jengo. Pampu ikiharibika, mwenye mkopo na asiye na mkopo wote wanabeba ndoo.

Mambo yakiharibika, ajira imekwisha au biashara ya utalii imesimama kama 2020, nenda benki KABLA marejesho hayajapita hata mwezi mmoja. Omba mkopo upangwe upya, andika barua, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kuzima simu ndo kosa kubwa, benki inahesabu ukimya kama kukataa kulipa, na barua ya kuuza nyumba inafuata.

Siku ukimaliza, usiondoke na risiti tu. Dai barua ya kumaliza deni, dai hati yako halisi, kisha zipeleke Kamisheni ya Ardhi rehani ifutwe kwenye rejista. Isipofutwa, hata miaka 10 baadaye nyumba itasomeka bado iko benki, na mwanao akitaka kuiuza au kukopea ataanza kutafuta maafisa waliokwisha staafu.